Monstera sebuleni: majani yanakuwa ya njano, mapya hayachaniki. Nifanyeje?

NyegeziKwetu:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kuhusu monstera (ule mmea wa majani makubwa yenye mipasuo) iliyoko sebuleni, huku Nyegezi, Mwanza. Ina urefu wa kama mita moja na robo, ipo kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, na ndoo imetumbukizwa ndani ya chungu cha urembo. Majani matatu ya chini yamekuwa ya njano kwa mpigo, mawili yana mabaka ya kahawia iliyokolea yenye ukingo wa njano. Mapya yanatoka madogo na mazima, hayana mipasuo wala matundu. Shina linalala kuelekea dirishani. Dirisha linatazama kaskazini, kioo cha giza na wavu wa mbu. Maji inapata kila baada ya siku mbili, nusu jagi. Nimesoma kwamba dirisha la kaskazini halifai, niihamishie kusini. Ni kweli?

KitaluChaZiwa:
Usihamishe kwanza, mkuu. Toa ndoo kwenye chungu cha urembo, angalia chini kuna maji kiasi gani. Kisha chomeka kijiti kikavu cha mshikaki mpaka chini, kiache dakika kumi, kichomoe ukinuse. Jani moja la chini kabisa kugeuka njano mara mojamoja ni uzee tu. Matatu kwa mpigo, udongo ukiwa mbichi, hapo ni mizizi. Na udongo wenyewe umeutoa wapi?

NyegeziKwetu:
Maji yapo, kina cha vidole viwili. Kijiti kimetoka na tope, kinanuka mtaro. Udongo ni ule mweusi wa mbugani, niliambiwa una rutuba.

KitaluChaZiwa:
Rutuba upo nayo, sikatai. Shida ni hewa. Udongo wa mbuga ukilowa unajifunga, ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Monstera asili yake ni misitu ya kusini mwa Meksiko hadi Panama, inapanda juu ya miti, na mizizi yake imezoea makapi ya majani yanayopitisha maji haraka.

Itoe yote. Vaa glovu, utomvu wake unawasha. Osha mizizi kwa maji ya bomba mpaka udongo uishe. Mzizi mzima ni mgumu na ndani ni mweupe. Uliooza unateleza, ukiuvuta ganda linavuka unabaki na uzi mkononi. Kata yote ya namna hiyo mpaka ufike penye weupe, na kisu ukifute kwa spiriti kila baada ya mikato michache. Iache kivulini saa mbili tatu mikato ikauke.

Ndoo ya lita 20 sasa ni kubwa mno. Tafuta chombo kinachobakiza nafasi ya vidole viwili tu kuzunguka mizizi iliyosalia, mara nyingi kitakuwa cha lita 10 hadi 12. Mizizi michache kwenye udongo mwingi haiwezi kunywa maji yote, kinachobaki kinaiozesha tena. Kwa lita 12, ukipimia kopo la rangi la lita 4: kopo moja la mboji iliyoiva, kopo moja la maganda ya mpunga yaliyochomwa, nusu kopo la mchanga mnene wa luseni (siyo ule laini wa ufukweni), na nusu kopo la mkaa uliopondwa ukubwa wa punje ya mahindi.

Na tafadhali, usitandike kokoto chini ya chungu. Udongo hauachii maji kuingia kwenye kokoto mpaka wenyewe ujae, kwa hiyo unapandisha tope juu, karibu zaidi na mizizi. Matundu matano au sita ya upana wa kidole yanatosha.

MpungaMkavu:
Naongezea hapo kwenye maganda. Usiyatie mabichi: yakianza kuoza yanavuta naitrojeni na mmea unapauka. Washa kijimoto ndani ya debe lililotobolewa pembeni, funika na bomba la kutolea moshi, rundika maganda kuzunguka debe. Yanaungua polepole kutoka ndani. Geuza kwa koleo, na yakishakuwa meusi yote yamwagie maji palepale. Ukichelewa yanakuwa majivu ya kijivu. Kisha yasuuze mara mbili, maana majivu yanaongeza magadi kwenye udongo. Hiyo inahusu pia vyungu vipya vya saruji vinavyouzwa barabarani: viloweke wiki nzima, ubadilishe maji, ndipo upande.

MwangaKwanza:
Nije kwenye dirisha. Ushauri huo wa kaskazini umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Hapa jua la saa sita linapita upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha linahamia kusini. Tena linapita juu sana, kiasi kwamba paa lililotokeza kidogo tu linalikata. Kwa hiyo kaskazini na kusini kwetu ni karibu sawa; tofauti kubwa iko mashariki na magharibi. Mashariki ndiyo bora, jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi haliunguzi. Magharibi rudisha mmea mita moja na nusu ndani, au weka pazia jepesi, la sivyo utaona mabaka meupe makavu katikati ya jani.

Kinachokunyima mwanga ni kioo cha giza, wavu na umbali. Pima hivi: saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale mmea ulipo, shika kiganja sentimita 30 juu yake. Ukihesabu vidole kwenye kivuli, mwanga unatosha. Ukiona ukungu tu, sogeza. Pale Nyegezi ningeanza kwa kufungua kioo mchana na kuweka mmea ndani ya mita moja ya dirisha. Jani lililokwisha kufunguka zima halichaniki tena, usilisubiri, tazama yatakayofuata.

DadaMajani:
Mimi naona unyunyizie majani maji kila asubuhi, inapenda unyevu. Na maji ya kuoshea dagaa yana virutubisho sana, mwagia hayo.

KitaluChaZiwa:
Dada, hapo tutabishana kidogo. Unyevu wa hewa mjini kwetu kando ya ziwa unatosha, na maji ya kunyunyiza yanakauka ndani ya dakika chache. Yasipokauka, kwenye chumba kisicho na upepo, ndiyo yanakaribisha mabaka. Bora kufuta majani kwa kitambaa kibichi mara moja kwa wiki, juu na chini, hasa Juni hadi Septemba vumbi linapozidi na utitiri mwekundu kuanza kufuma utando nyuma ya jani. Ukiuona, au ukiona vidung'ata vyeupe kama pamba kwenye vikonyo, changanya kijiko cha chai kimoja cha sabuni ya maji kwa lita moja, jaribu jani moja, kesho yake jioni pulizia yote. Rudia baada ya siku saba.

Maji ya dagaa, hapana. Yanaoza juu ya udongo, inzi wanataga, na paka wa jirani anafukua chungu. Tumia mbolea ya NPK 20:20:20 ya kuyeyusha, gramu 1 kwa lita, mara moja kwa mwezi, lakini baada ya jani jipya kutoka. Mizizi yenye vidonda ukiitia mbolea unaiunguza.

(Wale wadudu wa ziwani wanaojaa ukutani wakati wa usiku hawali mimea, msiwapulizie dawa bure.)

FundiNguzo:
Shina linalala kwa sababu halina pa kushika. Weka mti wa unene wa mkono wa mtoto, uliozungushiwa kamba ya nazi. Ya katani inaoza upesi ikilowa. Usimike kabla ya kujaza udongo, usije ukatoboa mizizi. Upande wenye mizizi ya hewani ndio mgongo, huo ndio uelekee mti. Funga shina, usifunge vikonyo vya majani, vinahitaji kugeuka kufuata mwanga.

NyegeziKwetu:
Asanteni sana. Baada ya kupanda nimwagilie kiasi gani? Na je, nikikuta mizizi yote imeoza?

KitaluChaZiwa:
Siku ya kwanza mwagilia mpaka maji yatoke chini, baada ya robo saa mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Kisha usimwagilie tena mpaka sentimita 5 za juu zikauke, ukipima kwa kidole. Chungu cha urembo unaweza kukirudisha, ila weka tofali ndani ili chombo kipya kisikae kwenye maji.

Mizizi yote ikiwa imekwisha, kata shina kwa juu, sentimita 3 chini ya kifundo (pale jani linapotokea kwenye shina) chenye mzizi wa hewani na jani moja au mawili. Lazima kiwepo kifundo; jani na kikonyo peke yake vinaweza kutoa mizizi lakini havitakuwa mmea. Mkato ukionyesha duara la kahawia ndani, panda juu ukate tena mpaka uone weupe mtupu. Weka kwenye chupa ya maji, badilisha kila baada ya siku tatu, na upande mizizi ikifika urefu wa kidole. Vipande ulivyokata vitupe mbali na watoto na mbuzi, vina chembe zinazochoma mdomo na koo.