Msaada wenu: dawa gani ya kuchua inafaa kwa enka? Jumamosi nina fainali

Beki wa Shangani: Habarini wakuu. Niko Mtwara mjini. Enka ya kushoto inanisumbua tangu mazoezini wiki iliyopita. Eksirei nimepiga, mfupa mzima, hamna ufa. Jumamosi tuna fainali ya maveterani na nahodha ni mimi. Nitajieni dawa ya kuchua yenye nguvu, isinuke sana maana nyumbani kuna kichanga. Natanguliza shukrani.

Korosho Ghafi: Mafuta ya mkaratusi na chumvi ya mawe, basi. Mimi niliteguka Tandahimba nikishusha gunia, mama mkwe akanichua, baada ya siku chache niko juu ya mkorosho. Siku hizi hatusalimiani, ni habari ndefu ya magunia hayo hayo.

Mama Ming'oko: Kaka yangu, na kichanga ndani bado unahangaika na mpira? Wangu naye kila Jumapili bonanza, Jumatatu anatembea kama kaa. Mnatuchosha.

Fizio wa Kusini: Mkuu, enka ni pana. Panauma pembeni kwenye kifundo, au nyuma juu ya kisigino? Mguu ulipinda? Ukisimama kwa huo mmoja, unaweza kuinua kisigino?

Beki wa Shangani: Nyuma, juu ya kisigino kama vidole vitatu. Haukupinda. Nilichomoka kuwahi mpira nikasikia "paa!", nikageuka nimgombeze aliyenipiga teke, nyuma hakuna mtu. Kuinua kisigino bado. Ila natembea, msinitishe.

Mzee wa Feri: Hakuna mtu? Basi ulichopigwa unakijua. Waulizeni wapinzani wamefukia nini golini.

Fizio wa Kusini: Mzee, utani baadaye. Hayo ya kugeuka kumtafuta mpiga teke husimuliwa sana na waliokatika kano ya kisigino, ile kamba nene inayounganisha misuli ya kigimbi na mfupa wa kisigino. Eksirei ni ya mfupa, kano utaiona kwa altrasaundi au kwa mikono ya anayejua. Na kutembea si ushahidi. Kobe Bryant, yule wa mpira wa kikapu, ilimkatika mwaka 2013, akabaki akapiga mitupo yake miwili ya adhabu, yote ikaingia, ndipo akatoka kwa miguu yake. Kuna misuli mingine inayosaidia kusukuma unyayo chini. Niambie, kabla ya hapo palikuwa panauma? Umechomwa sindano?

Beki wa Shangani: Sindano inaingiaje hapa? Mimi nimeuliza dawa ya kuchua.

Korosho Ghafi: Jibu swali, nahodha.

Beki wa Shangani: Haya. Palianza kuuma tangu mwezi wa saba, kila asubuhi mpaka nitembee kidogo ndiyo palegee. Kijana wa duka la dawa akanichoma pale pale panapouma, akarudia tena, maumivu yakaisha kabisa. Na nilikuwa namalizia dozi ya siprofloksasini, antibiotiki ya mkojo. Sioni kosa, sindano ilinisaidia. Isitoshe mchuaji wa Mikindani nimeshamlipa nusu, na mdhamini kachapa jezi zenye majina.

Fizio wa Kusini: Ilikusaidia kutosikia. Kama ilikuwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, ikichomwa kwenye kano hiyo huweza kuidhoofisha. Siprofloksasini na ndugu zake nazo zinajulikana kwa kuongeza hatari ya kano kukatika. Vyote viwili, halafu ukachomoka mbio!

Binti Msimbati: Jamani, chai hii. Mwezi uliopita huyu huyu aliomba ushauri wa pikipiki, yuko Nachingwea, hajaoa. Leo nahodha wa Shangani mwenye kichanga?

Mzee wa Feri: Nilikuwa nimeshaandaa vitumbua.

Beki wa Shangani: Pikipiki ni ya shemeji, alitumia simu yangu. Mnataka niwaletee cheti cha ndoa?

Korosho Ghafi: Shemeji naye beki? Hii imewekwa na tangawizi.

Fizio wa Kusini: Chai au si chai, kuna mwingine anasoma na mguu wake unauma. Lala kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, mtu akuminye kigimbi. Kano ikiwa nzima, unyayo unacheza wenyewe.

Beki wa Shangani: Mke wangu kaminya wa kulia, umecheza. Wa kushoto kimya. Kaminya tena, kimya.

Binti Msimbati: Mke huyo kapatikana lini? Endeleeni.

Fizio wa Kusini: Mchuaji mwache na hiyo nusu yake. Usikande, usivute, usikanyage. Nenda hospitali ya Ligula leo, waambie umesikia "paa", wataje sindano na dozi, uulizie altrasaundi. Ukiwahi ndani ya wiki mbili hivi, wengi hufungwa hogo au kiatu maalumu, vidole vikielekezwa chini, na kano inaunga bila kisu. Ukichelewa ncha zinaachana, upasuaji unakuwa mgumu zaidi. Mpira uusahau miezi 6 hadi mwaka.

Mama Ming'oko: Fizio, samahani. Baba watoto kasoma hapa kwa kuchungulia, anasema chake nacho kinauma asubuhi mpaka kilegee. Hajasikia "paa".

Fizio wa Kusini: Huyo bado yuko salama, asikubali sindano. Asimame kwenye ngazi kwa vidole, ainue visigino kwa miguu yote miwili, kisha ashushe kisigino polepole kwa mguu ule unaouma. Mara 15, seti tatu, asubuhi na jioni, wiki 12. Akisikia maumivu kidogo asiogope. Yakizidi, apunguze. Kama panauma pale pale kano inapoingia kwenye mfupa, afanyie sakafuni, kisigino kisizame.

Mama Ming'oko: Wiki 12! Bonanza nayo?

Beki wa Shangani: Bajaji imefika. Fizio, nikikaa benchi tu, jezi naruhusiwa kuvaa?