Maboga ya kienyeji Dodoma: RAPD, SSR au SNP?

Mbegu_Chamwino: Wakuu, habari za kazi. Nakusanya mbegu za maboga Chamwino, Bahi na Kongwa kwa utafiti wa uzamili. Kila kijiji kina majina yake. Nataka kujua kama utofauti upo hadi kwenye vinasaba. Bajeti ni ndogo. Kati ya vipimo vya DNA vya RAPD, SSR na SNP, nitumie kipi?

Jeli_Usiku: RAPD ni nafuu: praima (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia unakili) ya besi 10, yaani herufi 10 za DNA, PCR ya kunakili DNA, jeli ya agarosi ya kutenganisha vipande vionekane kama mistari, kazi imekwisha. Ila siipendi. Ukibadilisha mashine au joto kidogo tu, mistari nayo inabadilika, na mwenzako akirudia hapati ulichopata.

MamaMbegu: Kwa maboga kuna kasoro kubwa zaidi. Mmea mmoja una maua dume na maua jike, na nyuki wanaleta chavua hadi ya shamba la jirani. Kwa hiyo mmea mmoja mara nyingi unabeba aleli mbili tofauti, yaani matoleo mawili ya sehemu ileile ya DNA. RAPD inakwambia mstari upo au haupo, basi. SSR, inayopima vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, inakuonyesha aleli zote mbili. Mwanangu, chukua SSR. Praima za Cucurbita (jenasi ya maboga) zimeshachapishwa.

Jeli_Usiku: Hapo nakubali. Lakini usizisome kwenye agarosi ya kawaida: aleli zikipishana besi 2 utaona mstari mmoja. Tumia jeli ya poliakrilamaidi, inatenganisha vizuri zaidi.

Shamba_Mpwapwa: SNP, yaani tofauti za besi moja moja, msiiache kirahisi hivyo. Jenomu (DNA nzima) za C. maxima na C. moschata, spishi mbili za maboga, zilichapishwa 2017, na unapata maelfu ya SNP kwa mkupuo. Shida ni kupata DNA safi na mtu wa kuchakata data.

MamaMbegu: Kabla ya yote hayo, tenganisha spishi, tena ukiwa shambani. Shika kikonyo cha boga lililokomaa. Cha moschata ni kigumu, kina pembe tano, na kinatanuka pale kinaposhika tunda. Cha maxima ni cha mviringo, laini kama kizibo. Ukizichanganya utapata makundi mawili makubwa, useme ni Bahi na Kongwa, kumbe ni spishi mbili. Na usisage majani ya mimea mingi pamoja, utapoteza utofauti wa ndani ya aina moja.

Mbegu_Chamwino: Shikamoo mama, nashukuru sana. Naenda na SSR. Majani nichukue lini?

MamaMbegu: Marahaba. Mvua za Desemba zikishaotesha, chuma machanga kabisa, mmea mmoja bahasha moja, ukaushe kwa silika jeli (chembe za kufyonza unyevu) siku hiyohiyo. Yaliyokomaa yana utelezi unaosumbua PCR.