Naomba ushauri: "netizens" tuwaiteje kwenye taarifa ya habari?

BintiKibokoni:
Asalaam aleikum wanajamvi. Nina jambo linanikosesha raha, na najua humu hakukosi mjuzi.

Mimi hujitolea kusoma habari kwenye redio ndogo ya jamii hapa Mombasa. Habari nyingi hutufikia kwa Kiingereza, tukazitafsiri mbiombio kabla ya saa saba. Wiki jana nilipewa habari ya barabara mbovu. Picha za mashimo zilikuwa zimesambaa, na neno *netizens* limejaa ukurasa mzima. Nikasoma hewani: "Wanamtandao wamelalamikia ubovu wa barabara hiyo." Nikajua nimemaliza.

Jioni nikampelekea ami yangu mahamri pale barazani. Alikuwa na wenzake watatu, dele la kahawa katikati. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hao wanamtandao uliowasema mchana, wamekamatwa wangapi?" Mzee mwingine akadakia kwamba hata yeye alisikia vivyo hivyo, akawa anajiuliza walanguzi wa unga barabara inawahusu nini.

Nimelifikiria sana, na naona wazee hawakukosea. Miaka yote redio imewaambia habari za mtandao wa walanguzi, mtandao wa wezi wa magari, mtandao wa magaidi. Nami nikawapa "wanamtandao" bila maelezo.

Sasa mhariri anataka tuseme "raia wa mtandao". Mwenzangu wa zamu anasema tuache "netizens" vilevile. Hilo siliwezi, maana nyumbani kwetu neti ni chandarua cha mbu. Nisaidieni: hasa neno hili lina maana gani, na kwa Kiswahili tuseme vipi?

Faiz_Nyali:
Dada, sema "watumiaji wa intaneti". Kila mtu ataelewa.

MtafsiriTudor:
Faiz, wataelewa, lakini si neno lile. Netizen limeungwa kwa *net* na *citizen*. Aliyelieneza ni Michael Hauben, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alikuwa akituma maswali kwenye Usenet, yaani mabaraza ya majadiliano ya mtandaoni ya zama hizo, watu asiowajua wakamjibu kwa kirefu, bure. Akaona hawa si watumiaji tu, bali wanaona pale ni pao. Mwaka 1997 yeye na mamake, Ronda Hauben, wakatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Kwa Hauben, si kila anayeingia mtandaoni ni netizen, na hasa si yule aliyefuata faida yake peke yake. Netizen ni anayechangia: anajibu, anasahihisha, anatetea.

Ninayelipa umeme kwa simu ni mtumiaji. Aliyepiga picha shimo, akaandika ni mtaa gani, akarudi kuwajibu waliouliza, huyo ndiye netizen.

Ila maana imepanuka. Katika habari za kutoka Uchina, netizens ni tafsiri ya *wangmin*, na huko huhesabiwa yeyote anayetumia intaneti. Kwa hivyo kabla hujatafsiri, tazama habari inasema nini. Ikiwa ni hesabu ya watu, "watumiaji wa intaneti" ya Faiz inatosha kabisa. Ikiwa watu wamesema jambo, wamelalamika, wamechanga pesa, hapo unataka neno lenye uhai zaidi.

MwalimuLikoni:
Wa aleikum salaam, mwanangu. Nianze na mhariri wako. "Raia" ni neno zuri lakini lina mzigo. Limetoka Kiarabu, na huko asili yake ni walio chini ya mchungaji au mtawala. Kwetu Kenya, raia ana kitambulisho, ana serikali yake, na tena ni yule asiye askari. Mtandao hauna chifu wala pasipoti. Ukisema "raia wa mtandao" msikilizaji ataanza kuitafuta hiyo nchi.

Kiswahili kina njia yake ya kusema mtu ni wa mahali au wa jambo fulani: *mwana*. Mwananchi, mwanakijiji, mwanachama, mwanahabari, mwanamaji. Mwanakijiji si mtu aliyepita kijijini na basi, bali kijiji ni chake. Hauben alihitaji kuunganisha maneno mawili kuipata maana hiyo, sisi tunayo tayari. Tena wewe mwenyewe umeanza kwa kutuita wanajamvi, na hakuna aliyekuuliza sisi ni genge gani.

Na "mtandao" linatokana na kutanda, kama wingu linavyotanda. Ndiyo sababu linafaa intaneti na linafaa walanguzi pia, kwa kuwa wote wametanda. Kosa halikuwa kwenye neno, mwanangu. Uliliacha peke yake.

MtangaHalisi:
Naongezea kutoka upande wa pili wa mpaka. Huku Tanzania ukimwambia mtu mzima "wanamtandao" atakumbuka 2005, kundi lililompigania Jakaya Kikwete ndani ya CCM hadi akateuliwa kugombea urais. Ndilo lilikuwa jina lao. Siku hizi vijana wanalitumia kwa watu wa intaneti bila wasiwasi, lakini kama redio yenu inasikika hadi Lungalunga na Horohoro pale mpakani, lipe msaada kidogo wa maelezo.

PwaniMoja:
Mimi nalipenda hili la mwana. Mkumbuke Julai 2015, CNN walipoiita Kenya kitovu cha ugaidi Obama akiwa njiani kuja. Hoteli zetu za Pwani zilikuwa tayari zinalia kwa kukosa wageni. Walioinuka Twitter na #SomeoneTellCNN hawakutumwa na mtu, na mwezi uliofuata mkuu mmoja wa CNN akaja Nairobi kuomba radhi. Hao kuwaita "watumiaji" ni kuwapunja.

BintiKibokoni:
Allah awalipe nyote. Mwalimu, swali moja. Mhariri amekubali kuliacha "raia", lakini sasa anasema wingi uwe "wanamitandao", kwa sababu kuna Facebook, X, TikTok na kadhalika.

MwalimuLikoni:
Fuata njia ya wenzake. Mwanakijiji, wanakijiji, hatusemi wanavijiji hata wakitoka vijiji kumi. Mwanachama, wanachama. Mwanamke na mwanamume wana njia yao, waache. Kwa hivyo mwanamtandao mmoja, wanamtandao wengi, na upatanisho ni wa watu: mwanamtandao *aliyepiga* picha, wanamtandao *waliolalamika*. Wanaoandika "wanamitandao" wapo, wala sitawagombeza, ila redioni chagua moja ushikamane nalo.

Na mara ya kwanza katika kila habari, lifafanue palepale kwa maneno machache.

BintiKibokoni:
Nimeandika hivi kwa ajili ya kesho: "Wanamtandao, yaani watu wanaojadiliana kwenye Facebook, X na mitandao mingine ya kijamii, wanataka barabara hiyo ikarabatiwe kabla ya mvua za masika." Nimemsomea ami kwa simu sasa hivi. Ameniambia nisome tena polepole, nikasoma. Kisha akauliza barabara yenyewe ni ipi.

MtafsiriTudor:
Basi amekuelewa. Lakini jina la barabara litaje mwanzo, dada, usiliweke mwisho wa habari.