MREJESHO: Mtaala wa kusomeshea nyumbani, Gredi ya 1 na ya 3

Niliuliza nichukue mtaala wa Kenya au wa Uingereza kwa watoto wawili, Gredi ya 1 na ya 3. Asanteni, nimechukua wa Kenya. Miongozo ya KICD (taasisi ya Kenya inayoandaa mitaala) inapakuliwa bure, na wakirudi shule kabla ya tathmini ya Gredi ya 6 hakutakuwa na pengo la kuziba.

Kusoma na hisabati kila mtoto ana lake. Mazingira na sanaa ni pamoja: mkubwa anaandika sentensi, mdogo anachora na kutaja. Kipindi ni dakika 30. Ukivuta zaidi, mdogo anaanza kubahatisha.

Mnaoanza, msinunue seti nzima kwa kuangalia umri (vitabu si viatu). Mpe mtoto 42 − 17 kwanza. Akiandika 35, ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, 7 kutoa 2, bila kujali ipi iko juu. Hapo kitabu cha mbele hakisaidii. Funga vijiti mafungu manne ya kumi, weka viwili pembeni. Afungue fungu moja apate 12, atoe 7, kisha atoe fungu moja kati ya matatu yaliyobaki. Aandike hesabu huku vijiti viko mezani, si baadaye.