Tupeane uzoefu: The Hunger Games na wenzake, kitabu kilikushika au filamu?

Bint Langoni
Jana usiku mdogo wangu alikuwa barazani akitazama The Hunger Games kwenye simu. Ndiyo ile hadithi ya nchi ambayo kila mwaka watoto huchaguliwa kwa bahati nasibu wakauane uwanjani. Ikafika pale jina la Prim linapotolewa kwenye bakuli la kioo, na dada yake Katniss anapiga ukelele kwamba ataenda yeye. Nilisimama na sinia ya mahamri mkononi, mbele siendi, nyuma sirudi. Kitabu nilikisoma zamani na bado kinanikaba. Lakini filamu imeyagusa juu juu yale yaliyoniumiza: mtoto wa maskini anaandikisha jina lake tena na tena apate nafaka na mafuta, na kila mwaka yanajumlishwa. Ndiyo maana Gale, rafiki yake Katniss, ana majina 42 na mtoto wa tajiri ana machache. Hapo ndipo palipo na kitabu chenyewe. Kwenu ilikuwaje?

Kijana wa Maweni
Mie niliijulia kwenye kibanda cha video huku Malindi. Kiingilio shilingi ishirini, dijei anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti zao, na Peeta, kijana aliyepelekwa uwanjani pamoja na Katniss, akimwita "muuza mikate". Stima ikakatika pale pale kwenye wale nyigu wa sumu wa uwanjani, watu tukakaa gizani tukingoja jenereta, hakuna aliyeondoka. Nilipokuja kupata kitabu nikaona Katniss anafikiri mno. Filamu ni bora.

Bint Langoni
Kaka, kufikiri kwake ndiko kitabu! Suzanne Collins amemwacha asimulie mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Anapombusu Peeta pangoni twajua kichwani anapiga hesabu ya chakula ambacho Haymitch, mshauri wao, atawatumia. Watazamaji wa filamu wametoka wakibishana Peeta au Gale, kana kwamba ni posa.

Mama wa Shela
Kweli tupu.

Mwalimu, Gede
Kwangu kilichowasha moto darasani ni Divergent. Veronica Roth alikitoa mwaka 2011: Chicago imegawanywa makundi matano, kila moja na tabia yake, na ukifika miaka 16 unachagua moja, hata kama ni kuwaacha wazazi wako. Wanafunzi wangu walikuwa wanachagua masomo ya kidato cha tatu wiki ile, basi wakakipokea kama habari yao. Kitabu cha tatu, cha mwaka 2013, Tris, msichana mhusika mkuu, anakufa. Binti mmoja alinirudishia na kurasa za mwisho zimekunjamana kwa machozi. Waliofuata filamu peke yake wameachwa katikati ya bahari bila tanga: ya tatu ilitoka 2016, haikuingiza fedha walizotarajia, na ya nne haikutengenezwa kabisa.

Nahodha Mdogo
Divergent ni hadithi ya kitoto, Mwalimu, nisamehe. Binadamu gani ana tabia moja tu? The Maze Runner ndiyo hadithi.

Mwalimu, Gede
Kwani kitabu kinasema nini, mwanangu? Tris hakutosha kwenye kundi moja, ndilo kosa lake lote! Soma kwanza ndipo ubishe.

Nahodha Mdogo
Nimesoma nusu.

Kijana wa Maweni
Nusu si kusoma. Hata mie wa kibanda cha video nimemaliza.

Mwana wa Mvuvi, Mkomani
Samahani nawakatiza. Mie sijawahi kusema haya.

Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Lamu tulitiwa kafyu. Magharibi ikiingia kila mtu ndani. Baba alikuwa mvuvi wa usiku, na usiku ndio uliopigwa marufuku. Mashua ikakaa mchangani mpaka mbao zikakauka, pamba za kalafati zikaanza kuchungulia kwenye maungio. Akawa anakaa uani kila jioni akishona nyavu ambazo hazina pa kwenda.

Nilikuwa kidato cha pili. Binamu alinipa The Hunger Games isiyo na jalada, kisha cha pili. Nilisoma chini ya shuka kwa tochi ya simu. Nikafika kwa Finnick, wa Wilaya ya Nne, wilaya ya wavuvi, na mkate wao wa umbo la samaki uliotiwa mwani. Nikamwambia baba, iko nchi kitabuni wavuvi wanavua na mji mkuu ndio unaokula. Hakuinua macho kwenye sindano. Akauliza, "Na kitoweo chao wenyewe wanapata wapi?"

Usiku mmoja mdogo wangu akabanwa na pumu. Hospitali ni mwendo wa dakika kumi vichochoroni. Mama alivuta komeo la mlango, akasikiliza nje, akalirudisha. Akalivuta tena. Akalirudisha. Mara ngapi sijui. Tulimkalisha wima kifuani kwa baba, tukihesabu pumzi, mpaka adhana ya alfajiri, na bado tukangoja kupambazuke. Alipona, alhamdulillahi.

Filamu nilijaribu baadaye, Mombasa. Ukumbini watu walishangilia gauni la moto la Katniss. Nikatoka.

Mama wa Shela
Pole mwanangu. Na sie wa kwetu alijifungulia nyumbani usiku ule ule wa kafyu.

Bint Langoni
Subhanallah. Nimesoma mara mbili.

Nahodha Mdogo
Lakini yakhe, Mpeketoni watu walikufa kweli. Tusilinganishe na hadithi ya kutungwa.

Mwana wa Mvuvi, Mkomani
Sijalinganisha vifo. Nimesema kilichokuwa mkononi mwangu usiku ule.

Kijana wa Maweni
Mwaka huo huo wa 2014, baada ya jeshi kupindua serikali Thailand, vijana waliinua vidole vitatu barabarani kupinga, kama ile ishara ya Katniss, na wako waliokamatwa kwa hilo. Walikuwa wameipata kwenye filamu. Msiidharau filamu.

Ummu wa watatu, Malindi
Binti yangu ana miaka 12 anakitaka kitabu cha The Hunger Games. Nimpe?

Mwalimu, Gede
Mpe. Prim ana miaka 12.

Mama wa Shela
Usimpe! Ndiyo hiyo hiyo sababu. Mngoje afike 15.

Nahodha Mdogo
Mwanzishe na The Giver wa Lois Lowry, ni kifupi na hakuna uwanja wa kuuana. Ila filamu yake ya 2014 imemkuza Jonas, mhusika mkuu, kutoka miaka 12 hadi kijana mkubwa, asiione kwanza.

Kijana wa Maweni
Au aone filamu mchana, na wewe karibu na rimoti.

Bint Langoni
Msome pamoja, dada. Kurasa kumi kila usiku, akiuliza umjibu.

Mwana wa Mvuvi, Mkomani
Nakala yangu ya Mockingjay, kitabu cha tatu cha The Hunger Games, haina kurasa za mwisho tangu nilipoipata. Aliye nayo Malindi aniazime, ipande basi la Mokowe, nitaipokea gatini.

Mwalimu, Gede
Ninayo. Ijumaa.