Hedhi imekata miezi mitano, umri 41: ni msongo wa mawazo au ndiyo ukomo wa hedhi?

Zabibu_Tamu: Wakuu, habari za jioni. Mwanamke wa miaka 41, yupo Nkuhungu, Dodoma, hedhi haijaonekana mwezi wa tano sasa. Usiku anatoka jasho hadi shuka linalowa. Kazini presha tupu, usingizi hana. Majirani wanasema mawazo yamemkausha mayai. Kuna ukweli? Na hospitali aombe kipimo gani?

MkungaZamu: Dada, aanze na UPT (kipimo cha mimba cha mkojo) kesho asubuhi. Kwa umri huo mimba haijaondoka kwenye orodha. Kisha muulize kuhusu sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Hiyo hukata hedhi, na hata akiiacha hedhi inaweza kuchelewa mwaka mzima. Watu husahau kuitaja.

Mawazo hayakaushi mayai. Msongo wa muda mrefu unagusa ubongo: sehemu inayoagiza homoni za uzazi inapunguza maagizo, ovari (vifuko vya mayai) zinakaa bila kuamshwa. Inatokea zaidi kwa anayeruka milo au aliyekonda haraka. Akila vizuri, akalala, mara nyingi hedhi inarudi. Ukomo ni kinyume chake: ubongo unaagiza kwa nguvu, ovari haziitikii.

Maabara_Dom: Hapo ndipo FSH, homoni inayotoka kwenye ubongo kuamsha ovari, inapotenganisha. Msongo: FSH ya chini au ya kawaida, estradioli (estrojeni kuu ya ovari) chini. Ovari kuishiwa: FSH inapanda kupita 25 IU kwa lita, estradioli chini. Aongeze TSH (kipimo cha tezi ya shingo) na prolaktini (homoni ya maziwa ya mama), maana tezi ya shingo ikiharibika hedhi nayo huvurugika. Asipime akiwa anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, majibu hayatasomeka. Biotini (vidonge vya vitamini) za kukuza nywele nazo azisimamishe siku mbili kabla, zinapotosha baadhi ya mashine.

FSH ikiwa juu, arudie baada ya wiki 4 hadi 6. Miaka ya 40 inapanda na kushuka, karatasi moja isimtishe. Hospitali ya Benjamin Mkapa au General (hospitali ya mkoa) apige simu kwanza aulize kama vitendanishi (kemikali za kupimia) vipo.

Zabibu_Tamu: Asanteni sana. Ikithibitika ni ukomo, si anavumilia tu kama mama zetu?

MkungaZamu: Hapana mpendwa. Mama zetu wengi walifika karibu na 50. Kabla ya 45 ni mapema, kabla ya 40 ni tatizo la ovari linalotafutiwa chanzo. Akikosa estrojeni miaka yote hiyo, mifupa inapungua na moyo unaingia hatarini. Ndiyo maana daktari humpa homoni hadi karibu miaka 50. Mwenye kizazi asipewe estrojeni peke yake, lazima iende na projesteroni, la sivyo ukuta wa kizazi unanenepa na unaweza kuleta saratani. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu aseme mapema.

Chakula: kalsiamu miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Maziwa, na dagaa wanaotafunwa na mifupa yao, mlenda usikosekane. Zile dawa za "kusafisha kizazi" za sokoni aachane nazo kabisa.

Maabara_Dom: Nyongeza: jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au kukonda, apime makohozi kwanza. TB haingoji majibu ya homoni.