Naenda Muheza kumchukua mtoto wa marehemu dada yangu nije naye Marekani, nijipangeje?

MamaIlham_HTX
Assalaam alaikum na habari za saa hizi wakuu. Niko Houston na mume wangu na watoto wawili waliozaliwa huku. Dada yangu mkubwa alifariki mwaka jana akaacha binti wa miaka 6, kwa sasa anakaa na bibi yake Muheza, yaani mama yangu mzazi, na miguu ya mama imeanza kumsumbua. Baada ya arobaini ukoo ukakaa kikao ikaamuliwa mimi ndo nimchukue mtoto. Muhtasari wa kikao ninao, wajomba wote wamesaini na muhuri wa serikali ya kijiji upo.

Sasa nataka kukata tiketi ya Desemba watoto wakiwa likizo, nikae wiki tatu nirudi naye. Mimi nilishachukua uraia wa huku, mume ana grini kadi, pasipoti yake bado ya Tanzania. Naomba kujua wiki tatu zinatosha kwa viza ya mtoto? Nibebe nini kwa ajili yake maana ndege hajawahi kupanda hata Dar kafika mara moja tu? Kitanda nimeshanunua, chumba atashea na Ilham. Msaada wenu tafadhali.

WakiliMtaani
Pole na msiba dada. Tiketi usikate kwanza.

Muhtasari wa kikao cha ukoo ni karatasi nzuri kwa mirathi kule mahakama ya mwanzo lakini kwa mtoto kuvuka mpaka hautoshi, si kwetu wala kwa ubalozi. Unachohitaji ni amri ya mahakama ya kuasili, yaani ya kumfanya mtoto kuwa wako kisheria, na hapo ndipo pasipoti yako ya bluu inakuletea shida. Uraia pacha hatuna, ulipoapa kule ukaacha kuwa Mtanzania kisheria, kwa hiyo hata kama kitovu chako kimezikwa Muheza mbele ya jaji wewe ni mgeni. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mgeni awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo, awe amemlea huyo mtoto kwanza chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya jinai popote, alete barua ya ustawi wa nchi yake kwamba anafaa, na mahakama iridhike kwamba nchi yake itaitambua amri yetu. Umri sidhani kama utakusumbua, kwa asiye ndugu ni miaka 25 na amzidi mtoto miaka 21, ndugu akishavuka 18 anaruhusiwa.

Ndo maana hapo kwenye mume mwenye pasipoti ya Tanzania nimeparudia kusoma mara mbili. Yeye si mgeni. Mkae na wakili anayefanya kesi za kuasili hasa, si huyu wa kuandika mikataba ya viwanja, muangalie maombi yaandikwe kwa jina la nani na kwa mpangilio upi kabla hamjapeleka chochote mahakamani.

Na swali moja ambalo hukuligusa kabisa. Baba wa mtoto yuko wapi?

kijana_wa_kazi
Mnamtisha bure dada wa watu. Bongo hapa unamwandikisha mtoto cheti kwa jina lako, unasema ulijifungulia kijijini, unakata pasipoti kwishney. Jirani yetu kapeleka watatu.

MamaTumaini_MN
@kijana_wa_kazi huo ushauri kampe jirani yako. Ubalozi ukiona mama kakaa Marekani miaka yote halafu ana mtoto wa miaka 6 kazaliwa Muheza wataomba DNA, na mama mdogo na mtoto wa dada vipimo haviwezi kusoma mama na mwana. Hapo umeshaweka saini kwenye fomu ya serikali kwamba umezaa, huo ni uongo wa kudumu kwenye faili lako, na mtoto anakosa njia hata ile ya halali. MamaIlham usithubutu.

Nije kwenye lako. Mimi niko Minnesota na nimepita upande wa huku, sheria za Tanzania namwachia wakili. Huku njia ziko mbili. Ya kwanza ni ya mtoto yatima, fomu za uhamiaji I-600A halafu I-600. Tanzania haimo kwenye ule Mkataba wa Hague wa kuasili watoto kati ya nchi na nchi ndo maana ni fomu hizo, Kenya wao wamo wana fomu nyingine. Hapo mwombaji lazima awe raia, mumeo na grini kadi yake hawezi kuomba ila anaingia kama mwenzi na lazima naye amwasili mtoto pamoja na wewe. Anakuja afisa kukagua nyumba yenu, mshahara, alama za vidole, mpaka anauliza mnagombanaje. Na tangu Julai 2014 hata kama mtoto ni wa damu yako lazima upitie wakala mwenye kibali cha kazi hiyo, watu wengi wanadhani ndugu wamesamehewa, hawajasamehewa. Yote hayo yanaanza ukiwa Houston kabla hujafunga begi.

Ya pili ndo niliyopita mimi, I-130 ya kawaida kama unavyomuombea mtoto wa kumzaa. Masharti yake amri ya kuasili itoke kabla mtoto hajafika 16, na uwe umekaa naye nyumba moja miaka miwili ukiwa na haki ya malezi kisheria. Mimi nilirudi Moshi nikapanga nyumba, kazi nikawa nafanya kwa kompyuta usiku kwa saa za Minnesota, mume akabaki huku na mkubwa wetu anakuja sikukuu. Ilikuwa ngumu sitadanganya, ndoa ya video call inachosha. Ila nilichokipenda, mtoto alinizoea akiwa bado kwao, kwenye chakula chake na lugha yake, na siku ya ndege alikuwa anasafiri na mama yake.

Kingine, matangazo ya kuzuia viza za nchi za Afrika siku hizi yanatoka na kubadilika kama mvua za vuli, soma tangazo la ubalozi wenyewe wiki ile ile unayotaka kufanya maamuzi, usisome la kwenye magrupu ya WhatsApp.

otieno_wa_kisumu
Poleni sana dada. Nyinyi Wabongo angalau bado mna mlango, hata kama ni mwembamba. Sisi Kenya serikali ilifunga wageni kuasili watoto Novemba 2014, na mpaka sheria mpya ya watoto ije 2022 familia nyingi zilikuwa zimekwama katikati. Uganda nao 2016 walibadilisha sheria, zamani Mzungu alikuwa anachukua karatasi ya ulezi kwa wiki chache anaondoka na mtoto, siku hizi lazima akae mwaka mzima amlee kwanza. Lakini Congo ya Kinshasa ndio ilikuwa balaa. Septemba 2013 walisimamisha vibali vya watoto kutoka nchini, na kuna watoto ambao mahakama ilishamaliza kesi, mzazi ana amri mkononi, jina limebadilishwa, na bado mtoto hatoki, wengine walingoja mpaka 2016. Hebu fikiria kununua kitanda halafu mtoto anakipita urefu kabla hajakilalia. Sisemi ya kukutisha, nasema tu tiketi iwe kitu cha mwisho.

swaleh_muscat
Wa alaikum salaam. Mimi Mzanzibari niko Muscat, nimeona salamu yako nikasema niongeze la dini maana wengi hawalisemi. Kumlea yatima thawabu yake inajulikana lakini nasaba haihamishwi, abaki na jina la baba yake, hata karatasi za mahakama wakili aandike hivyo ikiwezekana. Na mumeo kwa mtoto wa dada wa mkewe si mahramu, yaani si ndugu wa kuharamishiwa ndoa daima, miaka 6 kunyonyeshwa hakusaidii tena kwa kauli ya wanazuoni wengi, kwa hiyo akianza kukua mjue mapema mtaishije ndani. Zanzibar tuna kafala, yaani kumlea mtoto bila kumhamishia nasaba, mpaka kwenye sheria ya watoto ya 2011 na huku Oman ndivyo yatima wanavyolelewa, ila usije ukadhani kafala itakupa viza. Balozi za Ulaya na Marekani hazihesabu kuwa ni kuasili. Utahitaji amri ya mahakama kama alivyosema wakili, haya mengine ni ya ndani ya nyumba yenu.

MamaIlham_HTX
Shukrani sana wote, nimesoma nikakaa chini kwanza. @WakiliMtaani baba yupo hai. Hawakuoana na dada, mtoto akiwa mdogo alikuja mara mbili tatu akapotea. Kwenye kikao hakuitwa, wajomba walisema hana haki. Nasikia anaendesha bodaboda Handeni. Kweli huyu naye anahesabika?

WakiliMtaani
Anahesabika kote kuwili, na hili ndilo litakaloamua kesi yako.

Huku ridhaa ya mzazi aliye hai mahakama itaitaka, au uithibitishie kwamba amemtelekeza mtoto, na kuthibitisha si kusema tu, afisa ustawi wa wilaya atakwenda kuuliza majirani, mwalimu, mwenyekiti wa kijiji. Wajomba kusema hana haki ni maneno ya barazani. Huko Marekani nao MamaTumaini anaweza kunisahihisha, yatima kwao si lazima wazazi wote wawili wawe wamekufa, ila kama mmoja yupo lazima ionekane hawezi kumtunza mtoto ipasavyo kwa hali ya huku na amemwachia kwa maandishi, moja kwa moja, kwa ajili ya kuasiliwa na kuhama nchi. Au ithibitike kwamba amemtelekeza. Mtu ambaye mnajua kijiwe chake cha bodaboda ni vigumu kumwita aliyepotea.

MamaTumaini_MN
Hajakosea. Na ukienda njia yangu ya miaka miwili hilo la yatima huulizwi, ila ridhaa ya baba kwa mahakama ya Tanzania iko pale pale.

Sasa ulivyouliza ubebe nini. Utakapofika wakati wake, nguo chache tu, Houston hakuna baridi ya kumuua. Beba daftari zake za shule na sweta la shule hata kama limechanika, picha za mama yake zilizosafishwa, na khanga moja ya bibi ambayo haijafuliwa. Usimwambie anakwenda kutembea. Wa kwangu kuna shangazi alimwambia "unaenda kutembea Ulaya" akawa kila siku ananiuliza tunarudi lini. Na alipofika alikuwa anaamka kabla ya alfajiri anatafuta ufagio wa chelewa, hakuna, basi anaokota uchafu wa kapeti kwa mkono mmoja mmoja anaweka kwenye kiganja. Nikimwambia lala ananiuliza nimekosa nini. Alikuwa anafanya kazi ili asirudishwe, ndivyo mtoto anayekaa kwa watu anavyojua. Ilichukua muda mrefu mpaka siku moja aligoma kuosha vyombo nikafurahi mwenyewe jikoni kama mwehu.

Na mama yako umemfikiria? Huyo binti wa miaka 6 inawezekana ndiye anayemchotea maji ya kutawadhia na kumtafutia miwani. Mpange mtu wa kukaa naye kabla mtoto hajaondoka, la sivyo mtoto atafika Houston roho iko Muheza.

Halafu mkishafika msiishie kwenye pasipoti. Kwa ile sheria iliyoanza Februari 2001 mtoto chini ya miaka 18 anayeingia kwa viza ya uhamiaji na kuishi na mzazi raia anakuwa raia moja kwa moja, lakini chukua cheti cha uraia, fomu N-600 kama hakijaja chenyewe. Kuna watu waliletwa wakiwa watoto kutoka Korea, wazazi hawakumalizia karatasi za uraia, wakaja kufukuzwa nchini wakiwa watu wazima na hata Kikorea hawajui.

MamaIlham_HTX
Hapo kwa mama umenigusa. Kweli ndiye anayemsomea meseji za M-Pesa ninazotuma. Anazisoma kwa kuunga silabi halafu bibi yake anamuuliza "shilingi ngapi mwanangu" anarudia namba moja moja.

Tiketi nimeiacha. Nimeongea na mume usiku, tunatafuta wakala mwenye kibali hapa Texas na wakili Tanga mjini, na yeye yuko tayari hata kutangulia yeye kama itabidi. Baba wa mtoto, mjomba anakwenda Handeni Jumamosi kumtafuta akaongee naye kiutu uzima amsainishe. Nimtumie maneno ya kuandika kwenye hiyo karatasi?

WakiliMtaani
Asimsainishe kitu kijiweni. Mjomba aende amsalimie, amweleze ukweli wote kwamba mtoto anahama nchi na hatarudi kwake, na amuulize kama yuko tayari kuja mbele ya afisa ustawi wa wilaya aseme kwa kinywa chake. Akikataa akatae, tutajua tunaanzia wapi. Na asimpe hela. Hata mia. Wamarekani wana kipengele kwenye hizo fomu, mzazi akipewa pesa au kitu ili aachie mtoto wanahesabu ni kununua mtoto na ombi linakufa, na mahakama yetu nayo haitaki kusikia habari hizo.

MamaIlham_HTX
Jamani mjomba kashanunua mchele debe zima wa kumpelekea. Ngoja nimpigie.